Kutoka Sanje Kwenda Wapi: Namna ya Kulinganisha Miji Kabla ya Kuhama

Kaya inayoishi Sanje, katika ukanda mwembamba wa makazi uliobanwa kati ya milima ya Udzungwa na mashamba ya miwa na mpunga ya bonde la Kilombero, inapofikiria kuhama huwa na miji minne iliyo karibu na fikra zake kuliko mingine: Ifakara, Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam. Kila mmoja una sifa zake midomoni mwa watu, na mara nyingi sifa hizo ndizo zinazopimwa, kwamba huku kuna kazi nyingi, kule pango ni nafuu, na kwingine hali ya hewa ni nzuri. Upungufu wa kipimo hicho ni kwamba kinaulinganisha mji na mji, ilhali anayehama hahamii mji mzima. Anahamia chumba fulani katika mtaa fulani, kwa kazi ya aina fulani, akiwa na akiba ya kiasi fulani na ndugu wanaomtegemea nyuma yake. Kinachopaswa kulinganishwa, kwa hiyo, ni hali ya kaya ileile ikiwa mahali tofauti: kitakachobaki mkononi baada ya matumizi, muda ambao kaya inaweza kusubiri kabla ya kipato kupatikana, na urahisi wa kurudi endapo mambo hayatakwenda kama yalivyopangwa.

Takwimu za ukubwa wa mji husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, 765,179 katika Jiji la Dodoma na 471,409 katika Manispaa ya Morogoro, lakini idadi hizo zimefungwa ndani ya mipaka ya kiutawala, yaani mistari iliyochorwa kwa ajili ya uongozi na ukusanyaji wa mapato, wala haifuati mahali ambapo nyumba zinaishia na mashamba yanaanzia. Jiji la Dodoma lina kata nyingi ambazo wakazi wake bado ni wakulima na wafugaji. Halmashauri ya Mji wa Ifakara nayo inajumuisha kata zilizopangana kandokando ya barabara hadi Kidatu, Sanje ikiwa mojawapo, hivyo mkazi wa Sanje anayehamia Ifakara hubadili maisha yake kwa kiasi kikubwa bila kutoka ndani ya halmashauri moja. Aliye makini hushuka hadi ngazi ya mtaa, kwa sababu tofauti kati ya mtaa mmoja wa Dar es Salaam na mwingine inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya Dar es Salaam na Morogoro.

Kuhusu kipato, elimu ya uchumi inayo hoja moja iliyozaliwa Afrika Mashariki yenyewe. Mchumi Michael Todaro, aliyefanya kazi zake za awali nchini Kenya, aliandika mwaka 1969 kueleza kwa nini watu waliendelea kumiminika mijini hata pale ambapo ajira zilikuwa haba. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu hapimi mshahara wa mjini peke yake, bali hupima kipato tarajiwa, yaani mshahara uliozidishwa kwa uwezekano wa kuupata. Kwa mfano wa hesabu tu, kazi ya shilingi 400,000 kwa mwezi ambayo hupatikana na watu watatu kati ya kumi wanaoitafuta ina kipato tarajiwa cha shilingi 120,000. Kazi ya shilingi 200,000 ambayo hupatikana na saba kati ya kumi ina kipato tarajiwa cha shilingi 140,000. Mji wenye mshahara mdogo unaweza basi kuwa chaguo bora, na hesabu hii ndogo ingewaepusha watu wengi na safari ya bure, laiti wangeifanya kabla ya kukata tiketi.

Hata hivyo, hoja ya Todaro inahitaji kusahihishwa na hali halisi ya kaya. Kipato tarajiwa ni wastani wa watu wengi, na wastani hauliwi. Kaya moja ama hupata kazi ama huikosa, na katika miezi ya kusubiri inaendelea kula, kulipa pango na kuugua. Mwenye akiba ya miezi sita na mwenye akiba ya wiki tatu wanaweza kutazama mji uleule wenye uwezekano uleule wa ajira, na bado mji huo ukamfaa wa kwanza na kumwangamiza wa pili. Muda wa kusubiri hutegemea pia mwenyeji, yule ndugu au jirani wa zamani anayempokea mgeni na kumlaza. Kuwa na mwenyeji ni mtaji halisi, ingawa hauandikwi popote, na mji ambao kaya haina mwenyeji unapaswa kuongezewa gharama hiyo katika hesabu.

Zaidi ya hayo, wengi wanaohama kutoka bondeni hawaendi kuajiriwa bali kujiajiri, wakipika chakula, wakishona, wakiendesha bodaboda au wakiuza nafaka, na kwao swali la mshahara halina maana kubwa kama swali la msimu. Fedha ya Kilombero huja kwa mawimbi. Mpunga huvunwa kwa wingi mvua zinapokatika katikati ya mwaka, na kipindi hichohicho viwanda vya sukari huanza kusaga miwa, wakulima wa nje, yaani wale wanaolima miwa yao wenyewe na kuiuza kiwandani, wakianza kuvuna na kulipwa, na mzunguko wa fedha kutoka Kidatu hadi Ifakara hubadilika. Mvua zinaporudi, wateja hupungua na madeni huongezeka. Dodoma nayo ina misimu yake, kwa kuwa vikao vya Bunge, hasa kile cha bajeti kati ya Aprili na Juni, pamoja na kufunguliwa na kufungwa kwa vyuo, huamua nani atauza na nani atakaa bila wateja. Mfanyabiashara anayekwenda kuutembelea mji mgeni mwezi Julai na kuona maduka yamejaa watu ameuona mwezi Julai tu. Ulinganisho wa haki huhesabu miezi 12.

Upande wa matumizi, kosa linalorudiwa mara nyingi ni kutumia takwimu za mfumuko wa bei kana kwamba zinaonyesha mji upi ni ghali. Fahirisi ya bei za walaji inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima jinsi bei zilivyobadilika kutoka wakati mmoja hadi mwingine; haisemi kama kilo ya mchele ni ghali zaidi Dodoma kuliko Ifakara. Hilo hujulikana kwa kwenda sokoni au kumuuliza anayekwenda sokoni. Tena si kila kitu kina haja ya kulinganishwa. Bei ya uniti moja ya umeme kwa mtumiaji wa kundi moja ni ileile nchini kote, na ada katika shule za sekondari za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016 na hadi kidato cha sita mwaka 2022, kwa hiyo tofauti ya shule iko katika umbali, msongamano wa madarasa na michango. Maji, kinyume chake, hutozwa na mamlaka ya kila eneo kwa bei yake, na kaya ambayo haijaunganishwa na bomba hununua kwa ndoo, kwa bei isiyoonekana katika orodha yoyote rasmi.

Mzigo mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni ule wa chakula ambacho kaya haikuwahi kukinunua. Familia yenye shamba la mpunga bondeni, inayojenga dungu na kuhamia shambani wakati wa kulinda mazao, hula mchele ambao hauingii katika daftari lolote la matumizi, na kwa sababu hiyo huona kwamba inaishi Sanje kwa fedha kidogo sana. Wachumi huita thamani ya kitu kinachoachwa ili kupata kingine gharama ya fursa iliyoachwa. Mchele huo ungeuzwa. Ukiuzwa ungekuwa kipato, na ukiliwa umeokoa fedha, hivyo anayehama huupoteza kwa namna yoyote. Ndizi, mboga za uani, kuku na samaki wa mtoni nao wanastahili kuingizwa. Kwa upande mwingine, kijiji nacho kisihesabiwe kuwa cha bure. Tangu mwaka 2011, ruhusa ya wanakijiji kuokota kuni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilipoondolewa, nishati ya kupikia imekuwa gharama ya kweli hata kwa wakazi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Kisha kuna gharama zisizorudi, yaani fedha ambazo zikishatumika haziwezi kurejeshwa hata mhamaji akighairi siku ya pili. Katika miji mikubwa wenye nyumba wengi hudai pango la miezi sita au la mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kiasi kinacholingana na pango la mwezi mmoja. Kaya inayolipa hivyo huwa imejifunga kabla ya kuujua mtaa, na kila shilingi iliyolipwa kwa mkupuo imepunguza muda wake wa kusubiri.

Katika suala la mji mkubwa dhidi ya mji mdogo, Tanzania ina bahati ya kuwa na mojawapo ya tafiti bora za aina yake duniani. Kaya za mkoa wa Kagera zilizohojiwa kuanzia mwaka 1991 zilitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010, na watafiti waliwafuata watu popote walipohamia. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walionyesha kwamba katika kipindi cha mwaka 1991 hadi 2004 ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi kwa pointi 36 za asilimia ule wa wenzao wa kaya zilezile za awali waliobaki. Uchambuzi uliofuata, wa Luc Christiaensen, De Weerdt na Yasuyuki Todo, uliongeza jambo lenye uzito kwa anayeifikiria Ifakara: waliokwenda jiji kubwa walinufaika zaidi, mtu kwa mtu, lakini ni takriban mmoja tu kati ya saba waliotoka katika umaskini aliyepitia njia hiyo, ilhali karibu nusu yao walitoka kwa kuingia katika shughuli zisizo za kilimo vijijini au katika miji midogo. Mji mdogo huwainua wengi kwa sababu wengi wanaweza kuufikia, kuujaribu na kurudi shambani bila kufilisika.

Matokeo hayo yanakubaliana na maandishi ya Ernest George Ravenstein ya mwaka 1885, aliyechunguza sensa za Uingereza na kuona kwamba wahamaji wengi husogea masafa mafupi. Kwa hiyo Ifakara inapaswa kutazamwa kwa heshima zaidi kuliko inavyotazamwa na vijana wa bondeni wanaoiona kuwa ni kituo cha kupita tu. Ina Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na taasisi ya utafiti wa afya yenye mizizi katika maabara ya Waswisi iliyoanzishwa katika miaka ya 1950, ina stesheni ya reli ya TAZARA, na ni lango la wilaya za Ulanga na Malinyi tangu Daraja la Magufuli lenye urefu wa meta 384, lililozinduliwa mwaka 2018, lilipochukua nafasi ya kivuko cha mto Kilombero.

Barabara nazo zimeibadili hesabu yote. Lami kati ya Kidatu na Ifakara, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2017, imefupisha safari iliyokuwa ya vumbi kiangazi na matope masika, na treni ya umeme iliyoanza kuunganisha Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma mwezi uliofuata, imeiweka Morogoro mahali papya kabisa. Kwa baadhi ya kaya jibu sahihi huenda sasa likawa kutohama, bali kufanya biashara mjini na kuishi Sanje.

Hatari za kimazingira zitajwe kwa ufupi, kwa kuwa hakuna mji usio nazo. Mto Lumemo hufurika Ifakara, Msimbazi hufurika Dar es Salaam, na Dodoma ni kame, hali inayomgusa kwanza aliyezoea mvua za Udzungwa. Hatari ya malaria hupungua kwa anayehamia Dodoma au katikati ya Dar es Salaam, na kwa kaya yenye watoto wadogo hilo lina uzito wake.

Linalobaki ni ardhi, na hapa ndipo maamuzi mengi huharibika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi ya kimila ambayo haijatumiwa kwa kipindi kisichopungua miaka mitano ihesabiwe kuwa imetelekezwa, na mikutano ya kijiji haimsubiri aliye Dar es Salaam. Kuuza shamba ili kupata nauli na pango ni kuuza njia ya kurudi, na katika bonde ambalo bei ya ardhi inapanda pamoja na lami, atakayeuza leo hatamudu kununua tena. Hasara hiyo humwangukia zaidi mwanamke, ambaye mara nyingi ndiye anayelima mpunga wa chakula, wakati hesabu ya kuhama inafanywa kwa mshahara wa mume peke yake. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, kwa hiyo shamba lake liingizwe katika hesabu kwa thamani yake kamili na kwa ridhaa yake. Kaya inayoweza kumtanguliza mtu mmoja kwa msimu mzima, wengine wakibaki kulima, ifanye hivyo. Na isiyoweza, ikodishe shamba kwa maandishi mbele ya uongozi wa kijiji, huku hati ikibaki mikononi mwa mwenye shamba.