Dashibodi na Utata wa Neno Kipimo

Nahodha wa feri za Likoni huongoza chombo akiwa mbele ya ubao wenye geji za mafuta, joto na mzunguko wa injini. Ubao wa namna hiyo madereva huuita dashibodi, na jina hilo sasa limehamia kwenye kioo cha kompyuta kikusanyacho hali ya mtambo mzima. Asili yake katika Kiingereza ni ubao wa gari la farasi wa kuzuia matope, haukupima chochote.

Utata haumo katika dashibodi, bali katika kipimo. Neno hili hubeba chombo cha kupimia na kiasi kinachopatikana, na pengine hata tendo lenyewe. Mwenye kuunda dashibodi hawezi kuyachanganya hayo. Yafaa geji, neno la mafundi, libaki kuwa chombo. Kipimo kiwe jambo lipimwalo. Na kikomo kiwe kiasi ambacho kikivukwa kengele hulia. Kikomo kikiwekwa chini mno, kengele hulia kutwa na mlinzi huizoea.

Hata hivyo, ubao huonyesha yale tu yaliyochaguliwa kupimwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyojaza abiria kupita kiasi, ilipinduka ikivuka kuja kisiwani Mombasa, na watu zaidi ya 250 wakafa. Geji ya injini haihesabu watu. Hesabu hiyo hufanyika langoni, kabla chombo hakijang'oa; nayo ndiyo istahiliyo nafasi ya kwanza katika dashibodi yoyote ya Feri.