Gereji mchana, chumba cha watoto usiku: Usalama wa familia kwenye trela la pikipiki

Joto la jangwani linapopungua mwishoni mwa mwaka, barabara kuu namba 8 inayotoka San Diego, California, kuelekea mashariki hujaa pikapu zinazovuta nyumba. Ni matrela marefu yenye vitanda, jiko, choo na bafu. Nyuma yake kuna mlango mkubwa unaolala hadi chini na kuwa daraja la kupandishia pikipiki za matairi manne. Wamarekani wameyapa jina lenye maana ya "mbeba vichezeo". Wengi wanaelekea kwenye matuta ya mchanga ya Imperial, karibu na mpaka wa Mexico, ambako familia huweka kambi siku mbili tatu.

San Diego ni miongoni mwa miji ya Marekani iliyopokea wakimbizi na wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo, hivyo huenda nawe una ndugu huko ambaye watoto wake wameshaanza kumsumbua: "Baba, na sisi twende." Wapo wanaonunua trela la namna hii, na wapo wanaokodi kwa wikiendi moja. Anayekodi ndiye mwenye kazi zaidi, kwa sababu analivuta bila kujua tabia zake.

Mjadala wa wanaume kuhusu matrela haya huishia kwenye nguvu ya injini: pikapu yangu itavuta au haitavuta? Kwa mzazi, hilo ni swali la tatu. La kwanza ni uzito umekaa wapi, na la pili ni watoto watavuta hewa gani usiku.

Mkokoteni na shingo ya trela

Aliyewahi kusukuma mkokoteni anajua kwamba ukipanga magunia nyuma ya magurudumu, mikono inanyanyuka yenyewe. Trela nalo ni hivyohivyo. Lina shingo, yaani chuma cha mbele kinachokalia kichwa cha mviringo nyuma ya pikapu. Kwa trela la kawaida la aina hii, shingo inatakiwa kukandamiza kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, upepo mmoja au lori moja linalopita kwa kasi linatosha kulifanya trela lianze kupiga mkia, kushoto na kulia, kila mpigo ukiwa mkubwa kuliko uliopita.

Sasa tazama trela la pikipiki. Gereji yake iko nyuma, na mara nyingi nyuma ya ekseli. Tuchukue mfano wa hesabu. Trela lina kilo 3,600 likiwa halina maji wala pikipiki, na shingo yake inakandamiza kwa kilo 500. Hiyo ni karibu asilimia 14, hali nzuri. Pakia pikipiki mbili za kilo 300 kila moja, mita 2 nyuma ya ekseli, huku shingo ikiwa mita 6 mbele ya ekseli. Pikipiki hizo zinainua mbele na kuipunguzia shingo kilo 200. Trela limekuwa zito zaidi, kilo 4,200, lakini shingo imebaki na kilo 300 tu, kama asilimia 7.

Jaza tangi la maji la lita 300 lililo mita 3 mbele ya ekseli, na shingo inarudishiwa kilo 150. Jumla ni kilo 450 kwenye trela la kilo 4,500, asilimia 10 kamili. Familia inaondoka nyumbani ikiwa salama, ingawa kwa kiwango cha chini kabisa.

Jumapili inakuja. Watu wameoga, wamepika, wameosha vyombo, tangi la maji safi limekauka, na maji machafu yamemwagwa mahali pake. Pikipiki zimerudi nyuma kama zilivyokuja. Trela ambalo lilivutika vizuri Ijumaa linarudi nyumbani na asilimia 7, na hakuna aliyegusa kitu. Barabara ya kurudi inaanzia karibu na mji wa El Centro, ulio chini ya usawa wa bahari, inapanda milima hadi zaidi ya mita 1,200, kisha inateremka tena kuelekea pwani. Milima hiyo inajulikana kwa upepo mkali. Dereva naye amechoka.

Si kila trela lina tangi mbele. Mengine yanalo nyuma, na kwa hayo hesabu inageuka: kujaza maji ndiko kunakoleta shida. Ndiyo maana anayekodi aulize mambo matatu kabla ya kulipa: ekseli iko wapi, tangi liko wapi, na shingo inapimaje gereji ikiwa imejaa. Asiyepata majibu anaweza kupima mwenyewe. Vituo vingi vya malori kando ya barabara kuu vina mizani ya umma. Pima pikapu peke yake ikiwa na familia ndani, kisha ipime ikiwa imefungwa trela, ukisoma tu uzito ulio juu ya matairi ya pikapu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wa shingo.

Watoto nao ni mzigo

Kwenye fremu ya mlango wa dereva wa pikapu kuna karatasi ndogo inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Shingo ya trela inahesabiwa humo. Tuseme karatasi inasema kilo 680. Shingo ya kilo 450, baba wa 80, mama wa 70, na watoto watatu wa kilo 40, 30 na 20, jumla ni kilo 690. Hapo hujaweka kiti cha mtoto, sanduku la vinywaji wala vyuma vya kufungia trela. Muuzaji anaweza kusema kweli kabisa kwamba injini inavuta kilo 4,500, na bado pikapu ikawa imezidiwa na watu wake. Namba ya mlangoni haibadiliki, lakini watoto wanakua. Pikapu iliyotosha miaka mitatu iliyopita si lazima itoshe leo.

Trela likianza kupiga mkia, mguu hukimbilia breki wenyewe. Breki ya ghafla ya pikapu hulifanya trela liisukume kutoka nyuma. Kinachotakiwa ni kuachia mafuta, kushika usukani ukiwa umenyooka bila kupambana na kila mpigo, na kubana kwa mkono kile kidude ndani ya gari kinachofunga breki za trela peke yake. Dereva ajue kilipo kabla ya kuondoka. California imeweka kikomo cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, kwa gari lolote linalovuta trela. Wengi hukipuuza kwa sababu magari ya kando yanakwenda kasi.

Kuna ombi ambalo kila mzazi atalisikia: mtoto amechoka, kitanda kiko nyuma, mwache alale humo mpaka wafike. Hapana. California hairuhusu abiria ndani ya trela la kawaida linalovutwa, na majimbo mengi yana katazo kama hilo. Mle ndani hakuna mkanda, na kuna pikipiki zinazoshikiliwa na kamba tu.

Umri wa kupanda

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinapendekeza mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa pikipiki ya matairi manne. Sheria ya California ni laini zaidi. Inamruhusu aliye chini ya miaka 14 kwenye ardhi ya umma akiwa chini ya macho ya mzazi au mtu mzima aliyeruhusiwa, kofia ngumu ni lazima, na pikipiki iliyotengenezwa kwa mtu mmoja haibebi wawili. Kati ya hao wawili, wa kusikilizwa ni daktari. Chombo cha kilo 300 kikimpindukia mtoto wa kilo 30, hawezi kukisukuma akatoka chini yake. Na ile picha inayopendwa, baba akiendesha huku mdogo amekaa mbele yake juu ya tangi la mafuta, ndiyo ya kuacha kwanza.

Hewa ya usiku

Kwenye matuta ya Imperial wengi hupiga kambi mahali pasipo na umeme. Usiku wa jangwani ni baridi, madirisha yanafungwa, na jenereta inawashwa. Pikipiki zimetolewa nje, na vitanda vya watoto vinashushwa kutoka darini hadi palepale zilipokuwa zimesimama.

Hatari ya kwanza hapo ni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, na mwali mdogo wa jiko au jokofu la gesi unaweza kuuwasha. Toa pikipiki mapema, si saa ya kulala. Acha mlango wa nyuma wazi kwa saa kadhaa na ufute mafuta yaliyomwagika. Ukiinama karibu na sakafu ukasikia harufu, chumba bado ni gereji. Madumu ya akiba yakae nje.

Hatari ya pili haina harufu. Ni kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Jenereta inaitoa, injini ya pikipiki inaitoa, na hita ya gesi yenye hitilafu inaitoa pia. Ndani ya damu, inajishika kwenye chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kwa mujibu wa taasisi ya afya ya CDC, zaidi ya watu 400 hufa Marekani kila mwaka kwa gesi hii bila kuhusisha moto. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo huathirika mapema, na mimba iko hatarini hata mama akionekana hana neno.

Jenereta ya kubebeka ikae angalau mita 6 kutoka kwenye trela, moshi ukielekea kando, na usisahau trela la jirani, kwa sababu moshi wake unaweza kuingia kwako. Iliyojengewa ndani ya trela izimwe kabla ya kulala. Injini ya pikipiki isiwashwe ndani hata kama mlango uko wazi. King'ora cha gesi hii kina tarehe ya mwisho ya matumizi, mara nyingi iliyoandikwa mgongoni, na kikipita muda wake hubaki ukutani kama pambo. Kile cha gesi ya kupikia kimewekwa chini karibu na sakafu kwa sababu gesi hiyo nayo ni nzito, kwa hiyo usikizibe na mabegi.

Dalili zinafanana na uchovu wa siku ya jua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida. Tofauti ni kwamba huwapata watu wawili watatu kwa wakati mmoja, na hupungua wakitoka nje. Ukiona hivyo, toa kila mtu nje, piga 911, wala usirudi kutafuta simu au kuzima jenereta. Usitulizwe na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kile cha kawaida hakitofautishi gesi hii na oksijeni, na kinaweza kuonyesha 98 kwa mtoto ambaye hali yake ni mbaya. Kinachoonyesha ukweli ni kipimo cha damu, kwa hiyo wahudumu wakifika waambieni mapema kwamba mlilala ndani ya trela na jenereta ilikuwa inawaka, na idadi ya watu waliokuwa ndani.