Wadhamini: Walinzi Wasiolipwa Mshahara

Ndege hawezi kwenda mahakamani kudai kinamasi chake. Ni nani, basi, atakayemsemea? Mwaka 1926, katika jimbo la Norfolk, Uingereza, Daktari Sydney Long na wenzake walinunua vinamasi vya Cley, eneo lipatalo ekari 400, ili pawe mahali pa ndege kuzalia daima. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha kwanza cha jimbo cha kuhifadhi viumbe nchini humo.

Mali ya chama cha namna hii husimamiwa na wadhamini, ambao aghalabu huchaguliwa na wanachama. Hutumika kwa kujitolea. Hurudishiwa gharama kama vile nauli tu. Kwa nini? Kwa sababu asiyefaidika na uamuzi huweza kuupima kwa haki. Wadhamini hawakati matete wala kufungulia maji. Hiyo ni kazi ya watumishi. Wao hupitisha mipango na kukagua hesabu, na mwenye maslahi katika jambo hujitenga na uamuzi wake. Wakizembea, fedha hupotea, kinamasi hukauka, na ndege hukosa pa kuzalia. Yafaa ieleweke, basi, kwamba elimu ya viumbe peke yake haitoshi. Uaminifu nao ni nguzo ya hifadhi.