Siasa za Vyama Marekani (Sehemu ya Pili): Wahafidhina, Kodi na Vyombo vya Habari

Uhafidhina wa Marekani haufanani na ule wa Ulaya. Mhafidhina wa Ulaya ya zamani alitetea mfalme, kanisa na mashamba ya makabaila. Marekani haikuwa na mfalme wa kutetewa. Kinachohifadhiwa huko ni katiba iliyoandikwa mwaka 1787, ambayo iligawa madaraka kati ya Washington na majimbo ili serikali isipate nguvu za kupindukia. Msimamo wa wahafidhina kuhusu kodi unatokana na hapo: serikali yenye fedha chache haina uwezo wa kuingilia mengi. Malalamiko yao kuhusu vyombo vya habari yana asili inayokaribiana na hiyo, kwani wanaona haifai kundi dogo la watu wenye fikra moja ndilo liwaeleze wananchi wote hali ya nchi. Mambo hayo mawili yamewaweka pamoja watu wasiopatana katika mengine mengi: wenye viwanda, wakulima wa Kansas, waumini wa makanisa ya kiinjili ya Kusini, na watetezi wa soko huria ambao mafundisho ya kanisa hayawashughulishi.

Hata hivyo, Chama cha Republican hakikuzaliwa na chuki ya kodi. Kiliasisiwa mwaka 1854, na rais wake wa kwanza, Abraham Lincoln, ndiye aliyetia saini sheria ya kwanza ya kodi ya mapato ya taifa mwaka 1861, kwa ajili ya kugharimia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mrepublican mwingine, William Howard Taft, alilitaka Bunge mwaka 1909 lipendekeze marekebisho ya katiba ya kuruhusu kodi hiyo, na majimbo yakayaidhinisha mwaka 1913. Viwango vya mwanzo vilianzia asilimia 1 na kuishia 7, na wananchi wengi hawakuguswa kabisa. Vita Kuu vya Pili ndivyo vilivyoigeuza kuwa kodi ya umma: mwaka 1943 ilianza kukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi, na mwaka 1944 kiwango cha juu kabisa kilifika asilimia 94.

Vita vilipokwisha, viwango havikushuka sana. Dwight Eisenhower, Mrepublican aliyetawala miaka minane, aliacha kiwango cha juu kikae asilimia 91 kwa sehemu kubwa ya utawala wake, kwa imani kwamba kodi haipunguzwi kabla bajeti haijasawazishwa. Huo ndio uliokuwa uhafidhina wa fedha wa wakati ule: usitumie usichonacho, na ukishatumia, lipa. Rais John Kennedy wa Democratic alipopendekeza kodi ipunguzwe, na mrithi wake Lyndon Johnson akaifikisha sheria hiyo mwisho mwaka 1964, Seneta Barry Goldwater wa Arizona alipiga kura ya kuipinga, kwa kuwa matumizi ya serikali hayakuwa yamepunguzwa kwanza. Goldwater ndiye aliyekuwa mgombea urais wa wahafidhina mwaka huohuo. Anayewasikiliza wahafidhina wa leo bila kuijua historia hii anaweza kudhani kwamba kodi ndogo ilikuwa amri yao ya kwanza tangu mwanzo. Amri ya kwanza ilikuwa kutokopa.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1970. Bei zilipanda kwa kasi, na mishahara ikafuata. Kwa kuwa ngazi za kodi hazikuwa zikirekebishwa kulingana na mfumuko wa bei, mfanyakazi aliyeongezwa mshahara ili amudu bei zilezile alijikuta amepandishwa ngazi ya kodi kama mtu aliyetajirika. Serikali ilizidi kukusanya bila mbunge yeyote kupiga kura ya kuongeza kodi. Katika siasa yote ya wahafidhina kuhusu kodi, hili ndilo lalamiko lenye haki kuliko mengine yote. Huko California hali ilikuwa kali zaidi kwa upande wa kodi ya majengo: thamani ya nyumba ilipaa, na wazee walioishi kwa pensheni wakatozwa kodi ya nyumba ambazo wasingeweza kuzinunua upya. Mwezi wa Juni 1978, kwa kampeni iliyoongozwa na Howard Jarvis, wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha Pendekezo la 13. Lilifunga kodi ya majengo kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, likazuia makadirio hayo yasipande kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, na likataka theluthi mbili ya wabunge wa jimbo waafiki kabla ya kodi ya jimbo kuongezwa. Wanasiasa wa nchi nzima walilisoma tukio hilo na kulielewa.

Wakati huo nadharia ilikuwa tayari. Mwanauchumi Arthur Laffer alikuwa akieleza kwamba kodi ikipita kiwango fulani hupunguza mapato ya serikali badala ya kuyaongeza, kwa sababu watu huacha kuzalisha au huficha wanachopata. Kimsingi yuko sahihi: kodi ya asilimia 100 haikusanyi chochote kwa muda mrefu. Ugumu uko katika kujua nchi imesimama upande gani wa kiwango hicho. Kutoka asilimia 91 kushuka hadi 70 ni jambo moja, na kutoka 39 hadi 37 ni jambo lingine kabisa, ingawa hotuba za kisiasa huyatetea yote mawili kwa maneno yaleyale.

Ronald Reagan aliingia madarakani mwaka 1981 na mwaka huohuo akashusha kiwango cha juu kutoka asilimia 70 hadi 50. Sheria hiyo pia iliagiza ngazi za kodi zifuate mfumuko wa bei kuanzia 1985, na hilo huenda ndilo jema lake lililodumu kuliko yote. Mwaka 1986, kwa kura za vyama vyote viwili, sheria nyingine ilishusha kiwango cha juu hadi asilimia 28 na kufuta misamaha mingi iliyowanufaisha wenye wahasibu hodari. Kinachosahaulika ni kwamba Reagan alikubali pia kuongeza kodi, hasa mwaka 1982, nakisi ya bajeti ilipomtia wasiwasi. Hata hivyo deni la taifa, lililovuka dola trilioni 1 mwaka 1981, lilikaribia kuwa mara tatu alipoondoka.

Nafasi ya namna hiyo ya kurudi nyuma ilizibwa na Grover Norquist. Mwaka 1986 taasisi yake ya Americans for Tax Reform ilianza kuwataka wagombea watie saini ahadi ya kutounga mkono ongezeko lolote la kodi ya mapato. Miaka miwili baadaye mgombea urais wa Republican, George H. W. Bush, aliwaahidi wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, mjini New Orleans, kwamba hakutakuwa na kodi mpya. Mwaka 1990, akiwa rais na akibanwa na nakisi na Bunge lililoshikwa na Democratic, alikubali mapatano yaliyopandisha kiwango cha juu kutoka asilimia 28 hadi 31. Wahafidhina hawakumsamehe. Pat Buchanan alimpinga ndani ya chama, Ross Perot akamzonga kutoka nje, na mwaka 1992 Bill Clinton akashinda kwa takriban asilimia 43 tu ya kura. Warepublican walijifunza kwamba kuvunja ahadi ya kodi ni hatari kuliko kuongeza deni. Clinton alipopandisha kodi mwaka 1993, hakuna Mrepublican hata mmoja, katika Baraza la Wawakilishi wala Seneti, aliyempigia kura.

Tangu hapo kila rais wa Republican amepunguza kodi. George W. Bush alifanya hivyo mwaka 2001 na 2003. Sheria ya Donald Trump ya mwaka 2017 ilishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, na kiwango cha juu cha watu binafsi kutoka 39.6 hadi 37. Sheria ya Julai 2025 ilivifanya viwango hivyo vya watu binafsi kuwa vya kudumu. Zote mbili zilipita kwa utaratibu maalumu wa bajeti ambamo Seneti haihitaji kura 60 za kumaliza mjadala, bali wingi wa kawaida. Ile ya 2025 iliokolewa na kura ya Makamu wa Rais JD Vance baada ya maseneta kugawana 50 kwa 50. Ndani yake mna kipengele kinachowagusa Waswahili wanaoishi Marekani: kuanzia Januari 2026, fedha zinazotumwa nje ya nchi kwa pesa taslimu hutozwa asilimia 1, ila zinazotoka kwenye akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani hazitozwi. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 5, tena kwa wasio raia peke yao.

Hoja za pande zote mbili kuhusu nani anabeba mzigo zina ukweli, na kila upande hutaja nusu yake. Wahafidhina hueleza kwamba asilimia 1 ya walipakodi wenye kipato kikubwa kuliko wote hulipa karibu asilimia 40 ya kodi ya mapato ya taifa, jambo ambalo ni sahihi. Wapinzani wao hujibu kwamba mfanyakazi wa kawaida hukatwa pia asilimia 7.65 kwa ajili ya pensheni na bima ya afya ya wazee, na makato hayo huanza na dola ya kwanza anayopata. Nalo ni sahihi. Kuhusu deni, hata hivyo, mizani haiko sawa. Kansas ilijaribu nadharia ya Laffer chini ya Gavana Sam Brownback mwaka 2012, na mapato ya jimbo yakaporomoka. Mwaka 2017 bunge lililojaa Warepublican lilifuta sehemu kubwa ya mpango huo na kuishinda kura yake ya turufu. Wabunge wale walionyesha uadilifu ambao wenzao wa Washington hawajaufikia.

Uhasama na vyombo vya habari nao una tarehe zake. Kampeni ya Goldwater mwaka 1964 iliwaachia wahafidhina uchungu mkubwa: jarida moja lilichapisha maoni ya madaktari wa akili ambao hawakuwahi kumpima, wakidai hafai kiakili kuwa rais. Alishtaki na kushinda. Tarehe 13 Novemba 1969, mjini Des Moines, Makamu wa Rais Spiro Agnew alitoa hotuba akiwashutumu watangazaji wa televisheni kuwa kikundi kidogo cha wakazi wa New York na Washington ambacho hakikuchaguliwa na mtu. Nyakati hizo mitandao mitatu, ABC, CBS na NBC, ndiyo iliyoipa nchi habari za jioni, na aliyetiliwa shaka na mitandao hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

Malalamiko hayo hayawezi kutupwa. Utafiti uliofanywa na wanazuoni miongoni mwa wanahabari wa Marekani mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 36 walijitambulisha kuwa Wademokrat, na asilimia 3.4 pekee kuwa Warepublican. Wengi wa waliosalia walijiita huru. Mwandishi mwaminifu anaweza kuandika kwa haki kuhusu watu asiokubaliana nao, lakini chumba cha habari kisicho na mtu hata mmoja anayeona suala kwa jicho la mkulima wa Kansas hakitajua ni swali gani kimesahau kuuliza. Upendeleo mzito mara nyingi hukaa katika habari zilizoachwa na katika watu wasiotafutwa kuhojiwa. Wakati mwingine makosa huwa ya wazi: mwaka 2004 CBS ilitangaza nyaraka kuhusu utumishi wa kijeshi wa George W. Bush, kisha ikakiri kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa ni za kweli.

Njia ya kupata sauti yao wenyewe ilifunguka mwaka 1987. Tangu 1949 tume ya mawasiliano, FCC, ilikuwa imewataka wenye redio na televisheni wawape nafasi wenye maoni tofauti katika masuala yenye ubishi. Bunge lilitaka sharti hilo liwe sheria, Reagan akaikataa kwa kura ya turufu, na tume ikalifuta. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh alianza kipindi chake cha taifa, akazungumza saa tatu kila siku ya kazi kwa zaidi ya miongo mitatu. Oktoba 1996 Rupert Murdoch alianzisha Fox News na kumkabidhi Roger Ailes, aliyewahi kumshauri Richard Nixon kuhusu televisheni.

Sauti hiyo mpya ilipata nguvu, na baada ya muda ikapata maradhi yaleyale iliyoyalalamikia. Baada ya uchaguzi wa 2020 Fox ilirusha madai ya uongo kuhusu mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion. Ushahidi uliowekwa mahakamani ulionyesha kwamba watu wa ndani hawakuyaamini madai hayo, na waliogopa kuwapoteza watazamaji. Aprili 2023 Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5.

Katika mjadala wa mwaka 2025 kodi na tuhuma za upendeleo zilikutana. Ofisi ya bajeti ya Bunge, CBO, ilikadiria kwamba sheria mpya ingeongeza nakisi kwa takriban dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Ikulu na viongozi wa Republican walijibu kwamba ofisi hiyo ina upendeleo na haihesabu ukuaji wa uchumi inavyostahili, hivyo mabishano ya hesabu yakageuka kuwa mabishano kuhusu waliozipiga hesabu. Mwezi uleule wa Julai ambao sheria hiyo ilipitishwa, Bunge lilirudisha hazina dola bilioni 1.1 zilizokuwa za redio na televisheni za umma, ambazo kwa miaka mingi wahafidhina walitaka zinyimwe fedha. Miezi michache kabla, mwezi Machi, amri ya rais ilikuwa imewasimamisha kazi watangazaji wa Sauti ya Amerika, idhaa ya Kiswahili ikiwamo, kwa tuhuma kwamba shirika lao lilielemea mrengo wa kushoto.