Mechi za Kiporo na Suala la Haki katika Kandanda ya Kimataifa

Katika lugha ya wanahabari wa michezo, hasa wa Tanzania, mechi iliyoahirishwa huitwa kiporo. Istiari hii imeteuliwa kwa ustadi. Kiporo ni chakula kilicholala: kitaliwa, ila ladha yake si ile ya jana, na anayekila amekwisha kujua wenzake walishiba nini. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mchuano wa kufuzu unapoahirishwa, hakisogezwi kitu kimoja tu, yaani tarehe; mchuano wenyewe hugeuka ukawa mwingine.

Hatari inayofahamika zaidi ni hiyo ya kujua. Tarehe 25 Juni 1982, mjini Gijón, Uhispania, Ujerumani Magharibi iliilaza Austria 1-0 katika Kombe la Dunia. Algeria ilikuwa imemaliza mechi zake siku iliyotangulia, hivyo timu zote mbili zilijua kuwa matokeo hayo yangezivusha pamoja. Baada ya bao la dakika ya 10 kandanda ilikufa uwanjani, na Algeria ikafungishwa virago. Tangu fainali za 1986, mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kiporo huihujumu kanuni hiyo.

Hata hivyo, madhara mengine hayahusiani na kujua. Sierra Leone na Benin zilitarajiwa kukutana Freetown tarehe 30 Machi 2021, kuwania nafasi ya mwisho iliyosalia katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Sare ingeitosha Benin. Kabla ya mechi, vipimo vya korona vilionyesha kwamba baadhi ya wachezaji wa Benin walikuwa wameambukizwa. Benin ikavipinga, na mpira haukuchezwa. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, likauhamishia mchuano Juni, tena Conakry, nchini Guinea. Hapo ndipo penye utata. Kuiadhibu Benin kwa vipimo isivyoviamini kungezua malalamiko. Lakini Sierra Leone nayo, iliyostahili kuwa mwenyeji, ilikosa uwanja wa nyumbani. Tarehe 15 Juni, penalti ya Kei Kamara iliipa ushindi wa 1-0 na tiketi ya kufuzu. Ushindi huo hauthibitishi kwamba utaratibu ulikuwa wa haki.

Ulinganisho na mwaka uliotangulia unafaa. Machi 2020, raundi mbili nzima ziliahirishwa barani kote hadi Novemba. Kenya ilitoka sare ya 1-1 na Komoro jijini Nairobi, kisha ikalazwa 2-1 mjini Moroni. Ilikuwa aibu, lakini kalenda haikulaumika, kwa kuwa kila timu ilikuwa imengoja.

Kuna pia suala la miili ya wachezaji. Ukraine ilipovamiwa Februari 2022, mechi yake dhidi ya Uskoti iliondolewa tarehe 24 Machi ikapelekwa 1 Juni, na ilistahili kuahirishwa. Siku hiyo ya Machi Uskoti ilicheza mechi ya kirafiki na Poland, Kieran Tierney akafunga bao. Kufikia Juni alikuwa majeruhi. Wachezaji wa ligi ya Ukraine nao walikuwa wamekaa miezi bila mechi za mashindano. Ukraine ilishinda 3-1 mjini Glasgow, kisha baada ya siku nne tu ikawa Cardiff, ikalazwa 1-0 na Wales, iliyokuwa ikiisubiri tangu Machi.