Galaksi Itazamwayo kwa Ukingo: NGC 4945

Mwaka 1826 James Dunlop, Mskoti aliyekuwa akizitazama nyota za kusini kutoka Parramatta, Australia, aliona katika kundinyota la Kantarusi doa refu la nuru hafifu. Madoa ya namna hiyo yaliitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya ukungu, na jina likatangulia maarifa. Ni katika miaka ya 1923 na 1924 tu ambapo Edwin Hubble aliuonyesha "ukungu" wa Andromeda kuwa ni jamii ya nyota iliyo nje kabisa ya Njia Nyeupe. Doa la Dunlop, liitwalo sasa NGC 4945, nalo ni galaksi. Nuru yake husafiri kiasi cha miaka milioni 12 kabla ya kutufikia.

Galaksi hii ni bapa mfano wa sinia. Sinia likitazamwa kutoka juu ni duara. Likiinuliwa hata likawa sawa na jicho, huonekana ukingo wake tu. Wembamba wa NGC 4945, basi, watokana na mahali tulipo sisi.

Haionekani kwa macho matupu. Mpiga picha huifunga kamera kwenye darubini inayozungushwa na mota nyuzi 15 kila saa, kuufuata mwendo wa mbingu; pasipo hivyo nyota zote hugeuka mistari. Zamani nuru ilikusanywa juu ya kioo kilichopakwa dawa ya fedha. Leo hupokewa kwa elektroniki, na picha nyingi hujumlishwa kuwa moja.

Katika picha hiyo huonekana mabaka meusi yaliyoandamana na urefu wa galaksi. Mtazamaji aweza kudhani kuwa hapo hapana nyota. Sivyo: ni vumbi lililozizuia. Nuru ya buluu huzuiwa zaidi kuliko nyekundu, ndiyo sababu nyota zilizo nyuma ya vumbi huonekana zimeiva wekundu. Mawimbi ya redio na eksirei zenye nguvu hupenya, nayo yamefichua kitovuni shimo jeusi lenye uzito wa zaidi ya jua milioni moja.

Njia Nyeupe nayo ni sinia, nasi tumo ndani yake. Kwa hiyo twaiona kwa ukingo daima. Baka jeusi lililo kando ya Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, lionekanalo wazi Afrika Mashariki usiku usio na mwezi, si tundu la mbingu. Ni vumbi lile lile, lililo karibu nasi.