Muungwana ni Nani?

Wiki hii tulitazame neno "muungwana". Tukimwita mtu muungwana, twamsifu kwa adabu zile za wazee: hapayuki, hubisha hodi, akikopa hulipa bila kudaiwa. Na jambo lililofanywa kwa upole na heshima twasema limefanywa kiungwana.

Lakini neno hili halikuanzia kwenye adabu. Zamani, hapa pwani, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Mtumwa hata angekuwa mpole na mkweli namna gani, hakuitwa hivyo. Bwana wake, hata angekuwa katili, aliitwa hivyo. Sheria iliacha kuutambua utumwa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika ukapigwa marufuku mwaka 1922. Maana ya cheo ikafifia, ikabaki maana ya tabia.

Wahenga wetu nao walisema, "Muungwana ni kitendo." Basi anayejiita muungwana kwa sababu ya ukoo wake, huku akimtukana mtumishi wake wa nyumbani, huyo ameshika maana iliyokufa. Huenda muungwana katika nyumba ile ni huyo anayetukanwa, akanyamaza.